Na Mahali Pengine

Saa kumi na moja kasoro, mwezi wa nane.
Salfa ya mikorosho ingali puani,
imo kwenye mikunjo ya kanzu, imo kwenye mate;
jana tulipuliza hadi giza.
Bruda Wunibaldi Nantimbo anakohoa mara tatu
kama abishaye hodi kwa mtu anayemdai,
kisha kikanisa kinatulia.

Zamu ya kusoma ni yangu wiki hii.
Kitabu kizito, jalada ngozi ya mbuzi wa hapahapa Lukuledi,
kilipigwa taipu na bruda aliyekwisha kufa,
kwa mashine isiyo na herufi moja:
Roma kwetu ni oma,
na kila mfiadini mwenye "r" jinani
ana pengo kama la jino.

Tunasoma leo ya kesho.
Ndivyo walivyofanya wa kwanza, huko kwenye baridi,
miaka elfu na zaidi iliyopita:
watu wenye visigino vilivyopasuka kama vyetu
walisimama alfajiri wakasikiliza majina,
leo kabla ya kesho,
ili aliyeuawa asije akapita mlangoni
asikute mtu macho.

Utika, nasoma. Watu mia tatu.
Waliambiwa wachague, uvumba kwa miungu
au tanuri la chokaa.
Chokaa naijua. Nimeiona ikichomwa Mikindani,
mawe ya bahari yakigeuka unga,
na mzee mmoja akinizuia: usisogee, mwanangu, inakula.
Mia tatu, na kitabu hakina jina la hata mmoja.

Halafu ule mstari unaofunga kila siku:
na mahali pengine, wafiadini wengine wengi,
na waungamadini, na mabikira watakatifu.

Pembeni yake kuna penseli, imefifia.
Mwandiko ni wa yule yule wa taipu:
"Mama wa kengele. Uliza."

Niliuliza, likizo iliyopita, Chikundi.
Bibi Sabitina alikuwa akibangua korosho;
vidole vyake havina alama, utomvu umezila,
siku ya kujiandikisha mashine ilimkana mara nne.
Mwaka wa vita ya maji, akasema,
mama mmoja aliizika kengele ya misheni shambani,
akapanda muhogo juu yake.
Wakamuuliza iko wapi. Hakusema.
Wakamuuliza tena.
*
Nikasema: nani alimuuliza?
Akapuliza ganda.
Mchopa. Babu wa baba yako.
Naye Wajerumani walimnyonga kabla ya mvua,
na hakuna kitabu kilichomtaja.
Akanipa korosho moja, ya moto,
kama mtoto anavyopewa ili anyamaze.

Nimesikia vitabu vile vya kale vilikua hivi:
mtu wa kijijini aliandikwa pembeni,
kwa haraka, labda na mtu asiye na ruhusa,
na mnakili wa kizazi kilichofuata,
asiyejua lipi la ndani na lipi la nje,
akamwingiza mstarini pamoja na maaskofu.

Penseli ninayo. Nimeichonga mara mbili.
Lakini niandike nini?
Jina la mama sina.
Nililonalo ni la aliyemuuliza,
nami naitikia kwalo kila siku mezani:
Bruda Odilo Mchopa, pitisha chumvi.

Basi leo nimefika: na mahali pengine.
Nikasimama hapo.
Sikupanga. Sauti ilikataa kwenda.
Nilisikia maji ya mteremko yakishuka nyuma ya jiko,
nikasikia popo, nikasikia mia tatu
wakihesabiana polepole kwenye ukingo wa tanuri.
Priori akainua macho.
Nantimbo hakukohoa.
Pale nyuma, nadhani, mtu alishusha pumzi
kana kwamba na yeye ana wake.

wafiadini wengine wengi, nikamaliza.

Tumshukuru Mungu, wakajibu, wamechelewa kidogo.
Na nje mtu alishawasha mashine ya salfa.